Mahindi yakishakauka: dawa ya unga, mfuko usiopitisha hewa, kihenge cha chuma au vidonge?

Mavuno ya Songea, Mbozi na Sumbawanga yanapoteremka kutoka shambani, bei ya mahindi huwa ya kutupa. Mwenye magunia kumi anajua kwamba akivumilia hadi Januari au Februari atauza kwa bei ya maana. Shida ni kwamba dumuzi naye ni mvumilivu. Gunia lililokaa miezi mitano bila kinga ukilifungua, unakuta punje zimetobolewa kama chujio na chini yake vumbi jeupe ambalo hata kuku halimvutii.

Ndipo mtu anakwenda duka la pembejeo na kuomba “dawa ya mahindi”. Ombi hilo lina majibu manne, na kila moja lina faida yake na hatari yake. La kwanza ni dawa ya unga ya kuchanganya na nafaka. Actellic Super ndiyo inayojulikana zaidi, na Shumba Super ipo pia. La pili ni mfuko wenye tabaka za plastiki ndani, kama ule wa PICS, unaofungwa hadi wadudu wakose hewa. La tatu ni kihenge cha chuma kinachotengenezwa na fundi bati. La nne ni vidonge vya kufukizia, vile vya alumini fosfaidi, vinavyotoa gesi ya fosfini.

Nitazipima zote kwa mambo matano: zinaua mdudu gani, zinamfanya nini anayezitumia na anayekula, sheria inasemaje, zinagharimu kiasi gani, na zinakubali mazoea gani ya kuchota na kuuza. Ladha ya ugali siitii humo, maana nikiwauliza watu wawili wananipa majibu matatu.

Kabla ya yote, ukavu

Hakuna njia hata moja kati ya hizi inayoponya mahindi mabichi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache kisha iache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, rudisha mahindi kwenye turubai. Ikidondoka chini yote, endelea.

Nasisitiza hili kwa sababu ya sumukuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo ya ukungu. Mwaka 2016 ikaua tena katikati ya Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara. Dawa ya unga inaua wadudu, haiui ukungu. Mfuko wa plastiki ukifungiwa mahindi yenye unyevu unayavundisha. Kihenge cha chuma kinaweza kutoa jasho ndani na kulitonesha juu ya punje. Vidonge navyo havina habari na ukungu.

Mdudu gani anakufa

Adui ni wawili wakubwa. Fukusi ni yule mdogo mweusi-kahawia mwenye mdomo mrefu, tuliyezaliwa tukamkuta. Dumuzi ni mgeni: asili yake ni Amerika ya Kati, akaonekana Afrika kwa mara ya kwanza mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na muda mfupi baadaye akavuka hadi Taveta. Anatoboa, anasaga, anaacha unga. Anapenda mahindi yaliyo bado kwenye gunzi, maana pale punje zimeshikana na yeye anapata pa kujiegemeza anapotoboa. Kwa hiyo kupukuchua peke yake tayari kunampunguza kasi.

Dawa ya unga ilitengenezwa kwa kuwaangalia hawa wawili. Ndani ya Actellic Super kuna viambato viwili: pirimifosi-methili asilimia 1.6, ambayo ni kali kwa fukusi lakini haimwezi sana dumuzi, na pemetrini asilimia 0.3, ambayo inammudu dumuzi lakini si hodari kwa fukusi. Ukipewa unga wenye kiambato kimoja tu kwa bei rahisi, jua umenunua nusu ya kazi.

Dawa hiyo inashindwa zaidi kwenye kipimo kuliko kwenye ubora wake. Lebo nyingi za Tanzania zinasema gramu 100 kwa gunia la kilo 100. Gunia la kilo 100! Sasa mtu ana lumbesa, limeshonewa kilemba juu, linakaribia kilo 130, naye anatia paketi ileile ya gunia moja. Wadudu wanapata dozi pungufu, wanaobaki wanazaliana, na mwezi wa tatu mwenye mali anasema dawa ni feki. Feki zipo, sikatai. Lakini pima kwanza.

Mfuko usiopitisha hewa hauchagui mdudu. Wadudu walio ndani wanavuta oksijeni hadi inaisha, wanaacha kula, wanakufa taratibu kwa muda wa wiki kadhaa. Ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde za Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha ukafika kwenye mahindi, maharage na karanga. Una plastiki mbili ndani na kiroba cha nje. Udhaifu wake ni tundu. Dumuzi anaweza kutoboa plastiki kabla hajazidiwa, kipande cha gunzi kinaweza kuichana, na panya hahitaji mwaliko.

Kihenge cha chuma kinafanya kazi kwa kanuni ileile, isipokuwa panya na dumuzi hawakitoboi. Mafundi huwafundisha watu kuweka mshumaa unaowaka juu ya nafaka kabla ya kufunga na kuziba kifuniko kwa utepe wa mpira. Mshumaa hauui mdudu, na huu ni uelewa unaopotea mara nyingi: unazimika hewa ikiwa bado na oksijeni ya asilimia 15 au 16 hivi, kiasi ambacho fukusi anaishi nacho vizuri. Unachofanya ni kuwahisha kazi, iliyobaki wanaimaliza wadudu wenyewe kwa kupumua. Kwa sababu hiyo kihenge kilichojaa hadi juu kinafanya kazi haraka kuliko kilichojaa nusu, ambacho kimebakiwa na hewa tele.

Vidonge vinaua kila kitu, hata yai na funza aliye ndani ya punje, kama gesi imezuiwa isivuje kwa siku za kutosha. Ukishafungua ghala likapata hewa, kinga imekwisha. Fukusi wa jirani anaweza kuingia jioni hiyohiyo. Vidonge vinasafisha, havilindi. Anayevitumia kama kinga ya miezi sita inabidi avirudie tena na tena, na kila mara anarudia hatari.

Mikono, pua na mdomo

Nitakaa hapa kidogo.

Dawa ya unga imekusudiwa kuchanganywa na chakula, na viambato vyake si vigeni majumbani: pemetrini imetumika kwenye vyandarua, na pirimifosi-methili imetumika kupulizia kuta za ndani ya nyumba kuzuia malaria mikoa ya Kanda ya Ziwa. Hilo halimaanishi uichanganye kwa mikono mitupu. Tandika turubai nje, kivulini, siku isiyo na upepo mkali. Mwaga mahindi, nyunyiza dawa kwa kipimo, geuza kwa sepeto kutoka upande huu kwenda ule hadi kila punje ipate vumbi lake. Simama upepo ukiwa mgongoni. Vaa glavu, barakoa na shati la mikono mirefu. Watoto na kuku wawe mbali. Ukimaliza oga kwa sabuni, na nguo zile zifuliwe peke yake.

Kisha kuna siku za kusubiri kabla ya kula; idadi yake iko kwenye lebo na haina mjadala. Kuna jambo ambalo maduka hayalisemi: mabaki ya dawa hii hukaa zaidi kwenye ganda la punje. Anayekoboa na kula sembe anaondoa sehemu kubwa. Anayekula dona anakula na ganda lake, kwa hiyo apepete na kuosha vizuri kabla ya kusaga. Na pumba za mahindi yaliyotiwa dawa juzi zisiende moja kwa moja kwa kuku.

Mfuko na kihenge havina sumu ya kuosha. Hapo vinashinda, na kwa nyumba yenye mjamzito au watoto wadogo ushindi huo si mdogo. Hatari zake ni za kawaida: mtoto kujifungia ndani ya kihenge kitupu, au mtu kuingiza kichwa ndani ya kihenge kilichofungwa muda mrefu kabla hakijapata hewa.

Vidonge ni habari nyingine kabisa. Kidonge kimoja cha gramu 3 kinatoa gramu 1 ya fosfini kinapokutana na unyevu wa hewani. Gesi hiyo inapita kwenye nyufa, chini ya mlango, kupitia dari. Inaweza kunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usiitegemee pua, maana harufu inaweza isitokee huku gesi ikiwa tayari ni hatari. Haina dawa ya kuipinga mwilini; hospitali inahangaika kuusaidia moyo na mapafu tu. Kwa hiyo desturi ya kutumbukiza kidonge kwenye kila gunia, kisha magunia yakapangwa kwenye chumba ambacho watu wanalala au kinachopakana nacho, ni kuwafukiza watu pamoja na fukusi. Sisemi hivi kwa kutia chumvi. Gesi haijui tofauti.

Dalili zinafanana na malaria au chakula kilichoharibika: kichefuchefu, kizunguzungu, kifua kubana, tumbo kusokota. Mtu akishukiwa, mtoe nje kwenye hewa safi, umkimbize hospitali, na ubebe kopo au lebo ili daktari ajue anapambana na nini. Maziwa si tiba. Kwa dawa ya unga iliyomezwa au kuvutwa kwa wingi, dalili ni mate kutiririka, jasho, kutapika na mboni za macho kuwa ndogo; nayo ni ya hospitali, lakini hiyo angalau ina dawa yake, atropini.

Sheria inasemaje

Tanzania Bara, mwenye kauli ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao Arusha. Iliundwa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na kurithi kazi ya viuatilifu iliyokuwa ya TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu, jina ambalo wakulima wengi bado wanalitumia. Kenya ni PCPB, bodi inayosimamia bidhaa za kudhibiti wadudu chini ya Sura ya 346.

Kwa mnunuzi wa dawa ya unga, sheria inageuka kuwa mambo machache ya kukagua ukiwa bado mbele ya kaunta. Kuna namba ya usajili kwenye paketi? (Ya Kenya huanza na PCPB.) Lebo inasomeka kwa Kiswahili? Inataja mahindi ya kuhifadhi, si pamba, si ng’ombe? Tarehe ya mwisho bado? Paketi haijafunguliwa? Muuzaji akikupimia kwa kijiko kutoka kwenye kopo kubwa na kukufungia kwenye karatasi ya gazeti, ondoka, hata kama ni shemeji yako. Dawa isiyo na lebo haina kipimo, haina siku za kusubiri, na mtu akizidiwa hakuna cha kumwonyesha daktari.

Vibaya zaidi ni kutumia dawa ya kunyunyizia nyanya au ya kuogeshea mifugo kwenye mahindi “kwa sababu inaua”. Inaua, ndiyo. Haikusajiliwa kwa chakula kilichokwisha vunwa, na mlaji ndiye anayelipa.

Vidonge vya fosfini ni vya watu waliofundishwa na wenye kibali cha kufukiza. Kwamba vinapatikana mnadani kama pipi hakuvifanyi kuwa halali kwa matumizi ya nyumbani. Mfukizaji halali anakuja na kinyago cha gesi chenye chujio lake, kipimo cha gesi, turubai la kuzuia gesi isivuje, anaweka mabango ya onyo, anafunga ghala kwa siku kadhaa, na hamruhusu mtu kuingia hadi apime. Anayekuja na kichupa mfukoni na leso puani si mfukizaji.

Mfuko na kihenge, kwa kuwa si viuatilifu, havina mlolongo huu. Lakini mifuko dhaifu inayofananishwa na ile halisi ipo sokoni. Jaribio lake ni rahisi: ingiza hewa ndani ya plastiki moja, usokote mdomo, uikandamize karibu na shavu. Ukisikia upepo, usinunue.

Gharama

Dawa ya unga ndiyo rahisi zaidi kuanza nayo. Unanunua kadiri ya magunia uliyonayo, na mwakani unanunua tena. Mahindi yakikaa zaidi ya miezi mitatu hadi sita utahitaji kurudia, kwa hiyo hesabu mara mbili.

Mfuko wa kilo 100 umekuwa ukizunguka shilingi 5,000 za Tanzania. Ukiutunza unatumika misimu miwili au mitatu, hivyo gharama ya gunia kwa msimu inashuka hadi kati ya shilingi 1,700 na 2,500. Kwenye makaratasi. Nyumba yenye panya wengi inaweza kuupoteza msimu wa kwanza, ndiyo maana mifuko ipangwe juu ya chaga, mbali na ukuta, na paka asifukuzwe.

Kihenge cha chuma kinachobeba tani moja kinakula laki kadhaa kwa mkupuo mmoja. Kikitengenezwa kwa bati zuri na maungio yakalehemiwa vizuri, kinakaa miaka kumi na zaidi. Tatizo si hesabu ya miaka kumi, tatizo ni kuipata pesa yote mwezi wa Julai wakati ada za shule zinakaribia. Kikundi kinaweza kuchangia, ingawa nimeona vihenge vya kikundi vikigeuka chanzo cha ugomvi kwa sababu kila mtu anataka kuchota siku yake.

Vidonge kwa bei ya kidonge ni karibu na bure, na hapo ndipo vinapowanasa watu. Gharama yake halisi ni ya mfukizaji na vifaa vyake, ambayo haina maana kwa magunia kumi lakini inakuwa nafuu kabisa kwa ghala la tani mia.

Kuchota na kuuza

Gunia la dawa ya unga unaweza kulifungua kila asubuhi, halidhuriki. Mfuko ukifunguliwa kila siku unaingiza hewa na kazi yote inarudi mwanzo; tenga mfuko mmoja wa kula na mingine usiiguse. Kihenge kina mdomo wa kutolea chini, lakini nacho kikifunguliwa mara kwa mara wadudu wanapata nafuu.

Sokoni, mnunuzi wa kiwanda au mwenye soko la nje anaweza kupima mabaki ya dawa, hivyo mahindi ya mfuko au kihenge yana amani zaidi. Mbegu za kienyeji za msimu ujao zinahifadhika vizuri kwenye mfuko, mradi ziwe kavu kwelikweli.

Wewe uko wapi?

Una magunia matatu hadi kumi na tano, unakula na kuuza kidogo kidogo, na mwezi wa tano wa kuhifadhi ndio mwisho wako: dawa ya unga iliyosajiliwa inakutosha, kwa mahindi uliyoyapima kilo na si kwa kukadiria gunia. Uwe na pa kuchanganyia nje ya nyumba.

Una kiasi hichohicho lakini nyumba ni chumba na sebule, mahindi yanalala karibu na watoto, au mnakula dona: mfuko. Kama panya ni wengi kuliko unavyoweza kuwadhibiti, changanya njia: mahindi ya kula mwanzoni yakae kwenye mifuko, ya kuuza baadaye yatiwe dawa.

Unavuna tani moja au zaidi kila mwaka, una eneo lako lenye kivuli na paa, na huhami: anza kuweka akiba ya kihenge, hata kama kitakuja msimu wa pili. Kisikae juani na kisikae moja kwa moja chini.

Umeuziwa mahindi au umerithi mavuno yaliyokwisha kushambuliwa vibaya: dawa ya unga haimfikii funza aliye ndani ya punje, na mfuko uliojaa dumuzi unaweza kutobolewa. Chekecha, anika juani, tenga yaliyooza, kisha ndipo ufunge kwenye mfuko au kihenge kilichojaa. Kama ni mzigo mkubwa, huo ni wakati wa mfukizaji mwenye kibali.

Wewe ni chama cha ushirika, mfanyabiashara wa soko la mahindi la Kibaigwa au mwenye ghala la kukodisha: ufukizaji wa kitaalamu unakufaa, na baada yake mahindi yawekewe kinga nyingine. Mwombe mfukizaji kibali chake kabla ya bei, na hakikisha hakuna mlinzi anayelala ndani ya ghala hadi kipimo cha gesi kiseme amani.

Na kama vidonge tayari unavyo ndani, ulivyonunua mwaka jana, usivitupe chooni wala kwenye maji, maana maji ndiyo yanayovifanya vitoe gesi, na usivifukie nyuma ya nyumba. Viache kwenye kopo lake lililofungwa, mahali pakavu palipofungwa kwa ufunguo nje ya nyumba ya kulala, umpigie afisa ugani wa kata akuelekeze pa kuvipeleka.